Msuko wa DNA kwenye sweta umepinda upande usio sahihi: nifumue au niache?

Bint Sufu anauliza:

Habari zenu, wafumaji wenzangu. Naomba ushauri wenu kabla sijaishika ncha ya uzi na kuanza kufumua kazi ya wiki sita.

Ninamfumia mpwa wangu sweta. Anahitimu masomo ya baiolojia, nikaona kwamba zawadi inayomstahili ni sweta la rangi moja lenye msuko mmoja mpana katikati ya kifua, unaopanda kutoka kwenye pindo hadi shingoni kwa umbo la DNA: kamba mbili zinazopishana, na kati yake vidato kama vya ngazi. Kipimo changu ni vitanzi 22 na safu 30 kwa kila sentimita 10. Kipande cha mbele kina vitanzi 110, na kati ya hivyo 16 ndivyo vya msuko. Kamba hupishana kila baada ya safu 20, hivyo kila jicho la msuko lina urefu wa karibu sentimita 7 na lina vidato vitano. Nimekwisha kufuma macho manne, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kujipongeza, hadi jana mwenzangu mmoja aliyesomea kemia alipoinyanyua kazi, akaisogeza kwenye mwanga, akasema: "Hii inapinda kushoto. DNA hupinda kulia." Akairudisha mapajani mwangu na kuendelea na shughuli zake kana kwamba amenitajia saa.

Swali la kwanza: nitajuaje kwa hakika kwamba amesema kweli, na je, kosa hilo linarekebishika bila kufumua kipande chote?

Swali la pili linahusu kazi itakayofuata, ambayo itakuwa yangu mwenyewe. Niliwahi kujaribu kuchora atomu kwenye kofia kwa rangi mbili, nikihesabu mirabaraba kwenye karatasi kwa uangalifu mkubwa, lakini duara lililokuwa zuri karatasini lilitoka kwenye sufu kama yai lililokaliwa. Je, ni mada zipi za sayansi zinazokubaliana na ufumaji? Ninajua kufuma kwa sindano mbili na pia kwa kroshia, kwa hiyo msinihurumie kwa upande huo.

Kulabu anajibu:

Dada Bint Sufu, pole, lakini mwenzako huenda amesema kweli, na unaweza kumhakiki kwa dakika moja bila kitabu. Simamisha kazi mbele yako kama itakavyovaliwa, kisha utazame mahali kamba zinapopishana. Achana na kamba iliyo chini. Ifuate ile inayopita juu ya mwenzake. Ikiwa inapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, kama mstari wa katikati wa herufi Z, msuko ni wa kulia. Ikiwa inapanda kutoka chini kulia kwenda juu kushoto, kama kiuno cha herufi S, ni wa kushoto. Wasokotaji wa nyuzi hutumia herufi hizohizo kutaja upande wa msokoto, kwa hiyo ukiwa na uzi wenye nyuzi mbili au tatu mkononi unaweza kujizoeza kwa kuutazama wenyewe.

Usijifariji kwamba utageuza kipande juu chini, au ndani nje. Skrubu ya kulia ni ya kulia uishike kwa kichwa au kwa ncha, na ndivyo ilivyo kwa msuko. Ni kioo peke yake kinachobadilisha upande, na sweta halivaliwi kiooni.

Chanzo cha kosa karibu kila mara ni sindano ya ziada. Ukiwa upande wa mbele wa kazi, ukivihamishia vitanzi vya kwanza kwenye sindano ya ziada na kuiacha ikining'inia mbele yako, kamba ya juu italalia kushoto. Ukiipeleka nyuma ya kazi, ukafuma kwanza vitanzi vinavyofuata na ndipo urudi kufuma vile vilivyosubiri, kamba ya juu italalia kulia. DNA unayoitaka inahitaji sindano ya ziada ikae nyuma kila mara, bila kubadilisha hata mara moja. Ninasisitiza neno "kila mara" kwa sababu kuna kosa baya kuliko lako, ambalo nimelikuta hata katika chati za kuuzwa: kupishanisha mara moja mbele, mara ya pili nyuma, kwa kudhani kwamba ulinganifu unapendeza zaidi. Fuata kwa kidole msuko wa namna hiyo, utagundua kwamba kamba moja iko juu daima na nyingine iko chini daima. Hazijasokotana hata kidogo. Ungeweza kuinyanyua moja na kuiondoa. Wewe angalau una kamba mbili zilizojizungusha kwelikweli.

Vidato vyako vitano kwa kila jicho viko sawa, na nakupongeza, iwe ulikusudia au ulibahatisha. Mzunguko mmoja kamili una kupishana mara mbili, yaani macho mawili, kwa hiyo una vidato 10 kwa kila mzunguko. Hiyo ndiyo hesabu ya modeli ya James Watson na Francis Crick ya mwaka 1953: nanomita 3.4 kwa mzunguko, na nanomita 0.34 kati ya kidato na kidato. Vipimo hivyo vilitokana kwa sehemu kubwa na picha za mionzi ya X za Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling, ambaye ndiye aliyeipiga ile maarufu ya mwaka 1952 yenye alama ya msalaba. Baadaye ilionekana kwamba DNA iliyo ndani ya maji hukaribia vidato 10.5, lakini hakuna anayefuma nusu kidato. Vilevile, DNA halisi ina mifereji miwili isiyolingana kwa upana, mmoja mpana na mmoja mwembamba, na karibu kila msuko niliouona huipuuza tofauti hiyo. Ipuuze na wewe.

Sasa marekebisho. Si lazima uguse vitanzi 94 visivyo na hatia. Dondosha vile 16 vya msuko peke yake. Pitisha kwanza uzi laini wa rangi tofauti ndani ya vitanzi hivyo kwenye safu iliyo chini kidogo ya mpishano wa kwanza, ili uporomokaji ukome hapo; halafu vitoe vitanzi kwenye sindano kuu na uviache vishuke safu kwa safu. Utabaki na nyuzi 80 zilizolala kama ngazi tupu kati ya pande mbili za kipande. Ukiwa na sindano mbili fupi, anza na uzi wa chini kabisa, ufume safu yake kutoka kulia hadi kushoto, kisha uchukue unaofuata. Kwa kuwa msuko wa kulia hula uzi uleule kama wa kushoto, kila uzi utakutosha. Hiyo ni kazi ya vitanzi 1,280. Kufumua kipande chote kungekugharimu 8,800. Vitanzi vya pembeni mwa msuko vitaonekana vimelegea mwanzoni, lakini vitatulia ukishalifua sweta na kulilaza likauke. Fanya kwanza jaribio kwenye kipande kidogo, tafadhali. Mimi sikufanya, na nyuzi zangu ziliruka mpangilio nikajikuta ninafuma safu ya 12 kabla ya ya 11.

Jambo la mwisho, la hiari. Ikiwa unapenda, vidato vinaweza kubeba ujumbe. Molekuli nne za vidato, yaani A, T, G na C, hukaa kwa jozi zisizobadilika, A na T, G na C, na kila herufi tatu mfululizo hutaja asidi amino moja, yaani kijenzi kimoja cha protini. Asidi amino 20 za kawaida zina vifupisho vya herufi moja moja, kwa hiyo jina la mtu linaweza kuandikwa kwa DNA, mradi halina B, J, O, U, X wala Z. Kwa majina yetu yaliyojaa U na O, ni bahati kulipata linalokubali.

Sindano Butu anajibu:

Mimi ningeliacha kama lilivyo. Kuna DNA ya aina ya Z, ambayo hupinda kushoto, na umbo lake lilichapishwa mwaka 1979. Mwambie mpwa wako kwamba ulimfumia hiyo, kwa makusudi, kwa kuwa ya kulia kila mtu anayo. Wiki sita ni wiki sita.

Kulabu anajibu:

Ndugu Sindano Butu, udhuru huo nimeupenda, ila hautasimama mbele ya mhitimu wa baiolojia. DNA ya aina ya Z ina vidato 12 kwa mzunguko, na kamba zake hazipandi kwa mkunjo laini bali kwa kuyumbayumba, ndiyo sababu ikaitwa Z. Dada yetu ana vidato 10. Angelazimika kufumua hata hivyo ili aongeze kimoja katika kila jicho.

Mzee wa Mirabaraba anajibu:

Mwanangu, swali lako la pili ndilo lililoniita hapa, kwa sababu nilifundisha hisabati miaka mingi na sasa ninafuma kuliko ninavyosoma.

Tuanze na yai lako. Karatasi ya mirabaraba ya kawaida ina vyumba vya mraba, lakini kitanzi cha sindano mbili si mraba. Kwa kipimo chako cha vitanzi 22 na safu 30, kitanzi kimoja kina upana wa milimita 4.5 na kimo cha milimita 3.3. Duara la vitanzi 30 kwa safu 30 litakuwa na upana wa sentimita 13.6 na kimo cha sentimita 10 tu, limekaliwa kweli. Ili liwe duara, upana uleule wa vitanzi 30 unahitaji safu 41. Jitengenezee karatasi yenye vyumba vya uwiano huo, au chora kwenye programu yoyote ya lahajedwali baada ya kubadilisha kimo cha safu, na tatizo litakwisha. Ukifuma kwa rangi mbili, upime upya kwa rangi mbili, maana nyuzi zinazopita nyuma hubadilisha kipimo.

Hata hivyo, nina shaka na mradi mzima wa kuchora atomu kwenye kofia. Picha ya atomu kwenye sufu ni picha tu. Ingeweza kuchapishwa kwenye fulana ndani ya dakika moja, na ingetoka vizuri zaidi. Mimi huvutiwa na vazi ambalo mfumo wake wenyewe ndio sayansi, yaani mahali ambapo mkono unafuata kanuni na umbo linajitokeza bila kuchorwa. Msuko wako wa DNA uko upande huo, na ndiyo maana kosa lake lina uzito: haujachorwa, umesokotwa, na msokoto una upande.

Kwa kroshia, mfano mkubwa ni ule wa Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye mwaka 1997 alianza kuwatengenezea wanafunzi wake uwanda wa jiometri ya haipaboli, yaani uso unaotanuka kwa kasi kuliko ulio bapa, kwa uzi na kulabu, baada ya kuchoshwa na modeli za karatasi zilizokuwa zikichanika. Siri yake ni nyepesi kuieleza. Ukifuma duara bapa kwa mishono mifupi, unaongeza mishono 6 katika kila mzunguko, idadi ileile daima. Yeye hakuongeza kwa idadi bali kwa uwiano: kila baada ya mishono 5, ongeza 1, safu baada ya safu. Ukianza na mishono 20, safu ya 10 itakuwa na karibu mishono 124, na kitambaa, kwa kukosa mahali pa kujitandaza, kitaanza kujikunjakunja kama matumbawe au ukingo wa mwani. Tumia uwiano huo kwenye ukingo wa shali na utapata marinda ambayo hakuna fundi wa nguo anayeweza kuyakata kutoka kwenye kitambaa bapa. Lakini jihadhari na uwiano mkali: ukiongeza 1 kila baada ya mishono 2, shali itakula uzi wote ulio nao kabla haijafika kiwiko. Kuna wanahisabati wawili, Hinke Osinga na Bernd Krauskopf, ambao mwaka 2004 walichapisha jinsi ya kufuma kwa kroshia uso unaohusiana na milinganyo ya Lorenz ya mienendo isiyotabirika. Kazi hiyo ilikuwa na mishono 25,511 na ilichukua saa 85. Hilo si vazi, ingawa nimewahi kutamani kulivaa.

Kwa sindano mbili, nakupendekezea kanuni ya 90. Stephen Wolfram mwaka 1983 alizipa namba kanuni 256 za aina moja, ambazo kila moja huamua rangi ya chumba kwa kutazama vyumba vitatu vilivyo chini yake. Katika ya 90 unatazama viwili tu, cha chini kushoto na cha chini kulia: vikiwa na rangi tofauti, fuma nyeusi, vikiwa na rangi moja, fuma nyeupe. Anza na kitanzi kimoja cheusi katika safu nyeupe, na pembetatu zilizo ndani ya pembetatu zitaanza kupanda zenyewe, bila chati. Ni raha isiyoelezeka kufuma bila kujua safu ijayo itakuwaje huku ukijua kwamba huwezi kukosea ukiifuata kanuni.

Nasema huwezi kukosea, lakini mimi nilikosea kabla hata sijaanza. Nilifuma skafu ya shingoni kwa mduara, nikachagua vitanzi 128 kwa kuwa namba hiyo ni nzuri machoni pa mwalimu wa hisabati. Pembetatu zilipanda vizuri mno. Nilipofika safu ya 63 baada ya ile ya mwanzo, kila kitanzi cha pili kikawa cheusi, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, mzunguko mzima, kama mistari ya pundamilia. Nikaanza safu iliyofuata: kila kitanzi kilikuwa na majirani wawili wa chini wenye rangi moja. Nyeupe. Nyeupe. Nilizunguka vitanzi 128 bila kukutana na cheusi hata kimoja, na kutoka hapo kanuni haikuwa na la kusema tena, kwa maana weupe huzaa weupe. Nilikaa na uzi mweusi mkononi nikicheka peke yangu. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwenye mduara wenye idadi ya vitanzi inayotokana na 2 kuzidishwa kwa 2 mara kadhaa, kanuni ya 90 lazima ife. Chukua 126, au 120, au namba yoyote isiyo ya ukoo huo, na haitakufa kamwe.

Tahadhari moja ya ufundi: katika safu ya 32 utakuwa na vitanzi vyeusi viwili tu, na kati yake weupe wa vitanzi 63 kila upande. Uzi mweusi ukiuacha uruke umbali huo nyuma ya kazi, vidole na vipuli vitanasa kila siku. Ubane chini ya uzi mweupe kila baada ya vitanzi vinne au vitano. Au usianze na kitanzi kimoja. Ipange safu ya kwanza kwa kurusha sarafu, na pembetatu zitakuwa ndogondogo na nyuzi za nyuma zitakuwa fupi. Wapo wanaopenda kanuni ya 30 badala yake, ambayo michoro yake hufanana na ile ya gamba la konokono wa baharini aitwaye Conus textile, lakini hiyo inataka kutazama vyumba vyote vitatu, na mimi saa za jioni huwa ninahesabu hadi viwili tu.

Bint Sufu anajibu:

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimeusimamisha msuko kama Kulabu alivyoelekeza: ni kiuno cha S, mara nne, bila shaka yoyote. Angalau nilikuwa mwaminifu katika kosa langu.

Nimeamua kuvidondosha vile vitanzi 16. Ndugu Sindano Butu, nilikaribia kukufuata, lakini mpwa wangu angehesabu vidato, ninamjua.

Naye anaitwa Neema. Kulabu, je, jina hilo linaandikika?

Kulabu anajibu:

Linaandikika, na halikosi hata herufi moja. N ni asparajini, AAT. E ni asidi glutamiki, GAA, mara mbili. M ni methionini, ATG, ambayo haina tahajia nyingine. A ni alanini, GCT. Yote kwa pamoja ni AATGAAGAAATGGCT, herufi 15, yaani vidato 15, ambavyo vinajaza macho matatu kamili ya msuko wako. Ukirudia jina mara mbili utakuwa na macho sita, karibu sentimita 40, na nadhani huo ndio urefu unaohitaji kufika shingoni.

Usijaribu kuingiza rangi wakati wa kufuma. Maliza sweta, kisha utarizi juu ya vidato kwa sindano butu na uzi mwembamba, ukifuata njia ya kila kitanzi, nusu ya kidato rangi moja na nusu ya pili rangi ya mwenzi wake. Chagua rangi nne ambazo hazitachanganyikana kwenye mwanga hafifu.

Hapa pana mtego ambao uliwahi kuninasa. Jicho la kwanza, kuanzia chini, lina herufi A, A, T, G, A kwenye kamba ya kushoto, na wenzi wao T, T, A, C, T kwenye kamba ya kulia. Lakini kamba zikishapishana, ile iliyobeba jina huhamia kulia. Kwa hiyo katika jicho la pili herufi A, G, A, A, A zinakaa kulia, na wenzi wao kushoto. Katika jicho la tatu T, G, G, C, T zinarudi kushoto. Ukiendelea kuliandika jina upande wa kushoto macho yote, sehemu ya katikati itakuwa kinyume, na anayelisoma kwa kufuata kamba hatampata Neema. Weka alama ndogo ya uzi kwenye kamba yenye jina kabla hujaanza kutarizi, uifuate kwa kidole hadi shingoni, ndipo uchukue sindano.

Safu Moja kwa Siku anajibu:

Ninaongeza jambo dogo kwa ajili ya kazi yake ya pili, kwa kuwa si kila mtu anataka kuhesabu jioni. Skafu ya halijoto hufumwa safu moja kwa kila siku ya mwaka, kwa rangi inayolingana na joto la siku hiyo, na ni data halisi unayoivaa. Mwanasayansi wa tabianchi Ellie Highwood wa Chuo Kikuu cha Reading alifuma kwa kroshia blanketi la namna hiyo kwa joto la dunia, mstari mmoja kwa kila mwaka, na mwaka 2018 mwenzake wa chuo hichohicho, Ed Hawkins, akaisambaza michoro ya mistari ya buluu na nyekundu ambayo sasa inajulikana kila mahali.

Kwa kipimo cha Bint Sufu, safu 365 ni sentimita 122, ambazo ni fupi kwa skafu ya kujifunga. Fuma safu mbili kwa siku upate karibu mita mbili na nusu, na kwa njia hiyo uzi utarudi upande uleule ulioanzia, jambo linalorahisisha kubadilisha rangi. Pangilia ngazi za joto kabla ya siku ya kwanza, ukitumia kumbukumbu za mwaka uliopita, maana mimi nilizipanga kwa kukisia na nusu ya skafu yangu ina rangi mbili tu. Na ncha za nyuzi zifiche kila juma. Nilizisubiri hadi mwisho wa mwaka, na upande mmoja wa skafu ukawa na ndevu.

Bint Sufu anajibu:

Ninarudi kutoa taarifa. Nilizibandika zile nyuzi 80 kwenye ubao kwa pini, kila kumi kwa pini ya rangi yake, na hakuna uliovuka mpangilio. Uzi ulitosha, kama ulivyosema, Kulabu, isipokuwa kwenye mpishano wa pili ambapo nilikaza mno na ikabidi niazime kidogo kwa kitanzi cha pembeni. Jicho la tatu nililirudia mara mbili, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea, ukaiacha sindano ya ziada mbele bila kuniuliza.

Mwenzangu wa kemia amelitazama tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Alipomaliza aliuliza kwa nini vidato vyote vina rangi moja. Nimemwambia asubiri.

Mzee, nimeanza kofia kwa vitanzi 126.